Waya wa Gari la Maharusi

Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Ukunda, na mdomo ninao. Nilikuwa nikijisifu kwamba toka Likoni mpaka Lungalunga hakuna gari lililonishinda. Siku hizi nikimsikia mtu akijigamba namna ile, naona haya mpaka masikio yanapata moto.

Gari lenyewe ni la Kimarekani, la zamani, milango miwili, injini ya silinda nane, na boneti refu ajabu. Mwenyewe ni mama mmoja wa Diani anayelikodisha kwa maharusi. Dereva wake alikuwa mzee wa Mwabungo, mtu wa swala tano, aliyelipangusa kila asubuhi kwa kipande cha kanzu yake kuukuu. Mama alikuwa ametia kiyoyozi, na altaneta ya zamani, ile mashine ya kuchaji betri, haikukiweza. Ukiwasha na taa, betri inakufa. Akaniletea nitie altaneta kubwa zaidi.

Nikaitia. Ikabaki waya. Katika gari lile umeme wa chaji hutoka kwenye altaneta, ukaingia ndani hadi kwenye mita ya dashibodi, ndipo ukarudi kwenye betri, yote kwa waya mwembamba wa altaneta ndogo. Ukitia kubwa, shurti uvute waya mnene moja kwa moja hadi betri, na fyuzi yake. Nayajua hayo kama ninavyolijua jina langu. Lakini waya mnene sikuwa nao, harusi ilikuwa kesho yake, na mie nilishasema gari litakuwa tayari adhuhuri. Nikaunga ule ule wa zamani.

Mzee alikuwa ameinama kando yangu. "Fundi, na huu waya wa zamani utauhimili umeme huo wote?"

"Mzee wangu, wewe shika usukani. Umeme niachie mie."

Wenzangu gereji wakacheka. Yeye naye akacheka.

Kesho yake, njiani kwenda Msambweni, kiyoyozi kinavuma na taa zinawaka mchana kama msafara wa harusi unavyotaka, moshi ukatoka chini ya dashibodi. Mzee akawatoa maharusi, akafungua boneti, akang'oa waya wa betri kwa mkono mtupu. Kiganja kikababuka.

Nilipofika nikaukuta ule waya mwembamba umeyeyuka. Mama akaniuliza, mbele ya mzee, kulikoni.

"Nilimwambia asiwashe taa na kiyoyozi pamoja," nikasema. "Hakunisikia."

Sikumwambia kitu kama hicho. Mzee aliniangalia, mkono umefungwa leso. Siku ile ile akaachishwa kazi. Mimi nikavuta waya mnene kama ilivyotakiwa tangu mwanzo, na gari halijasumbua tena. Mama hunisifu kwa kila mtu, ila madereva hawamdumu. Kila dereva anayemwajiri anamwona hana adabu ya yule mzee. Neno langu moja lingemrudisha. Kila Ijumaa nilijiambia nitalisema Ijumaa ijayo, na nikimwona mzee mbali sokoni nilipita uchochoro mwingine. Mtu mzima mie, najificha nyuma ya magunia ya mkaa!

Kwetu Ramadhani ikikaribia watu huombana radhi. Mwaka huu, siku moja kabla ya mwezi kuandama, mzee akaja gereji kwa miguu. Nikampa shikamoo, natamani ardhi inimeze.

"Marahaba. Nimekuja uniwie radhi, fundi. Nilikusengenya. Nilimwambia mke wangu kosa ni lako, ni ule waya. Halafu nikafikiri, huyu ndiye fundi; akisema ni mimi, basi ni mimi. Labda uliniambia kweli nikasahau. Uzee huu."

Nafasi ilikuwa ile, nimeletewa mpaka mlangoni. Nikasema, "Nimekusamehe, mzee."

Astaghfirullah! Mimi ndiye niliyesamehe.

Kisha, kwa kuwa ndivyo ada ilivyo, nikaongeza, "Nami uniwie radhi."

Akacheka. "Wewe? Wewe hukunikosea kitu." Akanipa mkono, kiganja kile kigumu kwa kovu, nikakipokea. Akageuka kwenda, akasita.

"Ati yule mama ameshapata dereva?"

Hakuwa amepata, asubuhi ile ile alikuwa amenipigia simu nimtafutie.

"Sijui, mzee," nikamwambia.