Koplo Bado Yuko Lindo

Msinitaje jina, hilo tu naomba. Nina miaka hamsini na mbili, Mkenya wa Bungoma, nimeolewa Uganda miaka ishirini na sita na naishi Mafubira, nje kidogo ya mji wa Jinja. Niseme nilikuwa nimeolewa. Mume wangu alifariki miezi minane iliyopita. Huwa nasoma visa vyenu jikoni nikingoja maji yachemke, naona mnavyowagombeza watu, nikasema na mimi mnigombeze, labda nitasikia kitu.

Mume wangu alikuwa askari magereza, Mgisu wa Mbale, sajini mpaka alipostaafu. Alikuwa na mbwa wake anaitwa Koplo, sasa ana miaka kumi na tatu. Mtaa wetu unaongea Kisoga na Kiganda, lakini mbwa huyo hajui ila Kiswahili, tena cha amri. Kila jioni mzee alimpeleka langoni, anamwambia, "Koplo, shika lindo." Anaketi. Asubuhi anamgusa kichwani, "Koplo, zamu imekwisha. Nenda kale." Hapo ndipo anaondoka, kabla ya hapo hata umpe nyama hatoki. Nilikuwa nawacheka wote wawili. Nilimwambia mume wangu, "Wewe gereza ulilitoka, lenyewe halijakutoka." Alinijibu kwamba askari asiyebadilishwa zamu huharibika kichwa, na mbwa ni hivyohivyo.

Siku tunampeleka hospitali Mbale, karibu na ndugu zake, hakuweza kutembea. Tulimbeba mpaka kwenye gari. Pale langoni akaomba tusimame, akatoa mkono dirishani. "Koplo, shika lindo. Narudi." Siku ya nne akafa. Tukamzika huko kwao. Sikulia. Nilikuwa naangalia viatu vyangu vilivyoshika udongo, nawaza nitavisafishaje. Mawifi wa huko kwao Nabuyonga walisema nikiwa nasikia, "Huyu Mkenya macho yake makavu." Yalikuwa makavu kweli, siwezi kuwalaumu.

Niliporudi Jinja baada ya matanga, Koplo alikuwa langoni, mbavu nje. Jirani alikuwa akimpelekea chakula palepale, akaniambia haondoki hata kwa mfupa. Mpaka leo yuko hapo. Asubuhi nawasha sigiri ya makaa, nampikia uji wa mahindi na mukene, vile visamaki vikavu, navisaga kabisa kwa sababu meno yamebaki machache. Nambadilishia gunia maana anajikojolea. Nampangusa macho. Miguu ya nyuma imekufa ganzi. Mvua ikinyesha namkokota na gunia lake mpaka barazani, nikigeuka tu anajivuta kwa miguu ya mbele kurudi langoni, matope mpaka tumboni. Daktari wa mifugo alikuja, akasema figo zimechoka na nyonga zimekwisha, akaniuliza kama nataka amchome sindano ya kumpumzisha. Nikasema nitafikiri. Sikufikiri chochote, nilienda kuosha sufuria.

Jumapili iliyopita alikuja shemeji yangu, mdogo wa marehemu, naye alikuwa askari magereza. Alichuchumaa mbele ya Koplo, akamtazama muda mrefu.

"Shemeji," akasema, "hii imbwa iko kwa lindo. Nani aliweka?"

"Ndugu yako. Siku ile tunaondoka."

"Na hakuna mutu alitoa?"

Nikaokota sufuria ya uji.

"Afande alikuwa na maneno ya kutoa. Wewe unajua?"

Nikamwambia sijui. Akajaribu yake, akajaribu na yale ya kambini, Koplo akamwangalia tu. Shemeji akasimama, akapangusa magoti. "Basi Jumamosi mimi nakuja na daktari. Hii ni kutesa mnyama, shemeji."

Ndugu zangu, nilidanganya. Maneno nayajua. Mwaka mmoja mzee alilazwa na malaria, nikayasema mimi mwenyewe, nikamgusa kichwani vilevile, na Koplo akanyanyuka akaenda kula bila shida. Miezi minane nakaa naye kila siku na sijayasema. Ningeweza kuwaambia nilisahau, lakini ningekuwa nawadanganya na ninyi. Mume wangu alisema narudi, na aliyebaki akimngoja ni huyo mbwa peke yake. Mimi simngoji. Napika, nafua, nalala, watu wakinipa pole nasema asante. Nikimtoa Koplo pale, basi yule mtu harudi kweli, na langoni hakuna wa kumpokea. Kwa hiyo nimemwacha kiumbe mgonjwa akae kwenye matope anifanyie kazi ambayo ni yangu. Najua ni ukatili. Najionea aibu, na hata aibu yenyewe naiona kwa mbali.

Jana nilijaribu. Nilichuchumaa baada ya kumlisha, nikamwekea mkono kichwani, palepale mzee alipokuwa akimgusa. Mkia ukapiga chini mara mbili. Alijua kinachofuata. Midomo yangu ikafunguka, nikamwambia, "Ngoja kidogo." Naye akangoja.

Leo ni Alhamisi. Nisemeni mnavyotaka, lakini mnishauri kabla ya Jumamosi. Nimwachie daktari amchome sindano angali lindo, hajui kama kazi yake ilikwisha? Au niyaseme mwenyewe, aingie ndani, alale? Na mliozika wenzenu mnijibu na hili: nikishamtoa Koplo, mimi nani atanitoa?