Mpaka Katikati ya Ugali

Obiero alipotoka jela, hakuna jirani aliyemuuliza neno, na hilo lilimfaa sana. Kosa lake kambi nzima ya vibarua ililijua: aliacha kuchuma chai bila ruhusa ya mzungu mwenye shamba, akaenda kumzika mama yake. Kwa kosa kama hilo mtu hainamishi kichwa. Aibu yake ilikuwa nyingine kabisa, na yeye mwenyewe hakujua kwamba amerudi nayo.

Jioni moja, mvua ikishuka kutoka upande wa Kimulot, alifika Opiyo, kaka yake Ajwang, mke wa Obiero. Alitoka ziwani kwa miguu, Biblia kwapani, na hakuficha lililomleta.

"Shemeji, kule kwetu wanasema jela humlea mtu upya. Nimekuja kukutazama. Nikikuta umeharibika, kesho naondoka na dada yangu."

"Nitazame basi," Obiero akacheka. "Pembe sijaota."

"Pembe za jela huota ndani."

Ajwang akapika jogoo, yule yule mmoja aliyekuwa naye. Akasonga ugali, akautenga mbele ya wanaume wawili katika sahani moja, kama ilivyo desturi. Opiyo akaomba, sala ndefu ya mtu aliyetembea na njaa. Aliposema amina tu, kidole cha Obiero kikaenda chenyewe. Kikapasua ugali ule kutoka ukingo hadi ukingo, kisha mkono wake wa kushoto ukazunguka nusu yake kama boma.

Opiyo, mkono tayari kumega, akaurudisha.

Huko jela walikula wawili wawili katika bati moja, posho yenye wadudu na maharagwe magumu. Mwenzake alikuwa Bogonko, jitu la vilima vya Kisii. Obiero, aliyefundishwa kumngoja mkubwa amege kwanza, alingoja. Alipoinua macho, bati lilikuwa jeupe. Adabu ikamlaza njaa siku nyingi, hadi mzee Kebaso, mfungwa mwenzao, alipomnong'oneza, "Kijana, hapa si kwa baba yako. Chora mpaka." Akachora kwa kidole katikati ya posho. Bogonko akamtazama, akacheka, na tangu siku hiyo hakuuvuka. Mstari ule ndio uliomrudisha nyumbani akiwa mzima.

Sasa ulikuwa mbele ya shemeji yake, katikati ya ugali wa mke wake.

"Umenipimia chakula?" Opiyo akauliza polepole. "Mimi? Tueleze, bwana. Huko mlikuwa mnanyang'anyana kama mbwa?"

Obiero akaondoa mkono. Uso wake uliwaka hadi masikioni. "Nisamehe, shemeji. Nimekosa. Lakini ya huko usiniulize. Sitayasema."

"Hata kwangu?"

"Hata kwako."

Opiyo akamgeukia dada yake. "Funga mizigo."

"Mizigo ya nani?" Ajwang akasema kutoka mekoni. "Wewe kula, kuku anapoa. Mume wangu amekwambia alipokosea, na amekwambia pa kukomea. Shemeji yako mwingine, yule mlevi wa kule nyumbani, amewahi kukwambia lipi kati ya hayo?"

Opiyo akala upande wake. Asubuhi akaondoka peke yake.

Lakini jioni iliyofuata Ajwang alitenga sahani mbili, ya Obiero kando, ili asiwe na haja ya kuchora. Huruma ile ilimchoma kuliko maneno ya Opiyo. Akaupindua ugali wake juu ya ule wa mkewe.

"Tule hapa," akasema, macho chini. "Nikichora, nipige mkono."

"Kwa mwiko?"

"Kwa mwiko."

Alichora usiku uleule. Na Ajwang akampiga kweli, si kwa kutania, akaendelea kutafuna.