Dada Wati avunja sili ya pawa saplai ya shemeji yake

Saa mbili asubuhi, chumba cha ghorofa ya pili kina joto la jikoni ingawa hakuna kinachopikwa. Juu ya meza kubwa iko kompyuta iliyotolewa ubavu mmoja, matumbo yote nje, feni zake zikivuma kwa pamoja. Mbele yake, kwenye kiti cha plastiki, amekaa mwanamke wa miaka arobaini na moja, mikono kifuani, macho hayabanduki.

Wateja wanamwita Dada Wati. Jina lake la kuzaliwa wanalijua watu wa benki na mama yake mzazi.

Kompyuta hiyo ameiwasha tangu alipofungua mlango. Haifanyi kazi yoyote ya maana. Ameipa mahesabu mazito yasiyo na mwisho ili kila kilichomo ndani kikimbie kwa nguvu zake zote, zoezi ambalo yeye analiita kuitoa jasho. Hakuna kompyuta inayoshuka ngazi za jengo hili bila kutolewa jasho kwa saa kadhaa.

Ghafla, kimya. Feni zinasimama, skrini inakuwa nyeusi. Fundi cherehani wa chumba cha jirani anachungulia mlangoni kuuliza kama umeme umekatika. Haujakatika, maana mota ya cherehani yake bado inavuma huko alikoiacha.

Dada Wati anachomoa waya ukutani na kukaa tena. "Afadhali imezimia hapa kwangu," anasema taratibu, "kuliko ingezimia kwake."

Huyo anayemtaja si mteja wa kawaida. Ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, mchora katuni, na amesema atakuja kuichukua saa kumi jioni. Kompyuta ya mwisho aliyotengenezewa na Dada Wati iliungua, ikaondoka na kazi yake ya mwaka mzima.

Kwa asiyejua mambo haya, na mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wao hadi juzi, pawa saplai ni lile boksi la chuma linalofungwa kwenye kona ya kompyuta, lenye feni moja na mkia wa nyaya. Linapokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa kipimo ambacho kila kifaa ndani kinaweza kukimeza. Likigawa vizuri, hakuna anayelikumbuka. Likikosea, linaua wote kwa mpigo.

"Watu wananunua kadi ya picha kama wananunua gari," anasema Dada Wati, akimaanisha kile kibao cha ndani kinachochora kila kinachoonekana kwenye skrini. "Wameisoma, wameiota, wameiombea. Nikiuliza habari ya pawa wananiambia, aah, hiyo weka yoyote. Sasa mimi nitawekaje yoyote?"

Wengine wanaotaka kuichagua wenyewe huichagua kwa taa. Kijana mmoja, anasimulia huku akicheka, alimletea pawa saplai inayowaka rangi zote kama ukumbi wa harusi, kisha akaifungia ndani ya kasha ambalo halina hata tundu la kuchungulia.

Kazi hii aliianzia chini kabisa, akipangusa vumbi kwenye kompyuta za duka la kuchapa barua. Siku moja fundi wa duka hakutokea na mwenye duka akawa anatembea huku na huku kama anayesubiri mtoto azaliwe. Dada Wati akaomba bisibisi. Leo, katika mwezi mzuri, anaunda kompyuta nne kuanzia chuma kitupu mpaka zinapozungumza, na kipato hicho kinalipa pango la chumba na karo ya binti yake. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, hubeba sehemu iliyobaki. Mwezi mbaya, anakiri, yeye hugeuka kuwa mfunga feni za dari.

Mafundi wa kizazi chake wana njia yao ya kupima pawa saplai kabla ya kuinunua. Wanaipima uzito. Iliyo nzima ina koili nene za shaba na mapezi mapana ya chuma ya kupoza joto, kwa hiyo ni nzito mkononi. Ya ujanja ujanja ni nyepesi hata kama imeandikwa wati za kuendeshea kinu. Dada Wati hakuamini mkono mtupu. Alikwenda dukani na mizani ya jikoni ndani ya mkoba, akawa gumzo kwa wauzaji.

Mizani hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwaka juzi alipomuundia shemeji yake kompyuta ya kwanza, alipata pawa saplai ya jina linaloheshimika, boksi limefungwa, stika ya garantii haijaguswa. Akaipima. Uzito ulikuwa wenyewe, tena na ziada kidogo. Akailipia kwa moyo mweupe, akaifunga.

Ilifanya kazi miezi kumi na moja. Shemeji alikuwa akitengeneza katuni ya watoto, hadithi ya kiboko anayeumwa jino na kuogopa daktari. Mchoro baada ya mchoro, yeye peke yake, katika chumba anacholala. Asubuhi moja ukasikika mlio kama wa kofi, ikafuata harufu. Prosesa, ubongo wa kompyuta, iliungua, kadi ikaungua, na diski mbili zikaungua pamoja. Nakala ya akiba ya katuni alikuwa ameitunza vizuri kabisa, kwenye diski ya pili, ndani ya kasha lile lile.

Dada Wati alipoifungua ile pawa saplai alikuta vifaa vya wati mia tatu hivi, na pembeni kipande cha zege kilichovikwa karatasi nyeusi. Waliotengeneza bandia hiyo walijua kuwa mafundi wanapima uzito.

"Nililia," anasema, bila kuona haya. "Sikulilia hela. Nilijiona mjinga. Mimi na mizani yangu tulikuwa tunapima zege."

Kipande hicho hakukitupa. Kinazuia mlango wa chumba chake usijifunge kwa upepo, na kila anayeingia hukipiga teke bila kujua.

Kompyuta unaweza kununua nyingine. Kilichomuuma zaidi ni shemeji mwenyewe. Kabla ya siku hiyo wawili hao walikuwa hawapishani mlangoni bila kurushiana maneno ya utani, shemeji akimwita mke wetu, yeye akimtishia kumtafutia mchumba mnene wa kumtuliza. Baada ya kompyuta kuungua hakumgombeza hata mara moja. Alianza kumsalimia kwa heshima. Habari za kazi, shemeji. Watoto hawajambo, shemeji. Halafu anaangalia saa.

"Bora angenitukana," Dada Wati anasema. "Ile adabu yake ilikuwa inanichoma."

Mwezi uliopita waliomwagiza shemeji katuni wakampa nafasi ya mwisho ya kuichora upya. Angeweza kwenda duka lolote kubwa kununua kompyuta iliyo tayari. Alikuja ghorofa ya pili, akasimama pale pale kwenye zege, akamwambia Dada Wati amuundie nyingine. Hakusema kwa nini, na Dada Wati hakuthubutu kuuliza.

Ndiyo maana kuzima kwa asubuhi hii si jambo dogo kwake.

Anafungua daftari la kichwani mwake na kupiga hesabu kwa sauti. Kompyuta ina kadi mbili za picha, kila moja inakula wati mia tatu na ishirini. Prosesa mia mbili. Feni, diski na mengineyo themanini. Jumla mia tisa na ishirini, naye aliweka pawa saplai ya wati elfu moja, nzima, maana kabla ya kuifunga alimpasua pacha wake kwa mikono yake mwenyewe. Tangu lile zege, huo ndio utaratibu wake. Ananunua mbili za aina moja, moja ya kufunga na moja ya kupasua.

Hesabu haina kosa. Kosa, anaeleza, ni kudhani kompyuta inakula umeme kwa kasi moja. Kadi hizi zina tabia ya kuruka. Kwa sehemu ya sekunde isiyoonekana kwa jicho, kadi inaweza kudai karibu mara mbili ya ilichoandikiwa, na zikiruka zote mbili kwa pamoja, pawa saplai yenye akili hujizima kuliko kufa.

"Ndoo ya maji ikishakaa kichwani unatembea nayo hata mtaa mzima," anasema. "Kinachovunja mgongo ni kule kuinyanyua. Mimi nilipiga hesabu ya kutembea, ya kunyanyua nikaisahau."

Inahitajika ya wati elfu moja na mia tatu, inayoweza kuvumilia miruko mifupi kama hiyo. Anachukua simu. Muuzaji wa kwanza anayo ya elfu moja na mia tano, rahisi, nzito, yenye taa. Dada Wati anamshukuru na kukata. Baada ya simu nyingi inapatikana moja, katika duka analoliamini, bei yake ikimeza faida yote ya kompyuta hii. Garantii miaka kumi, mradi stika ya sili isiguswe. Na ipo moja tu. Pacha wa kupasua hakuna.

Mumewe ndiye anayeileta kabla ya adhuhuri, bado amevaa miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso. Anaiweka mezani kwa adabu kama boksi la keki. Anamwona mkewe anachukua bisibisi ndogo na anajua kitakachofuata.

Anamwambia aache. Duka zuri, jina zuri, miaka kumi ya garantii, kwa nini aitupe kwa wasiwasi? "Ukivunja hiyo sili, ikiharibika itakuwa juu yako," anasema.

"Nisipoivunja ikaharibika, itakuwa juu ya mdogo wako," mkewe anamjibu. "Lile zege nalo lilikuwa na sili."

Mume anashusha pumzi, anavuta kiti na kumshikia tochi. Hayo ndiyo mapenzi kwa mtu ambaye ameshapoteza mjadala.

Bisibisi inapenya kwenye stika, na maandishi ya garantii yanachanika katikati. Skurubu nne, kifuniko kinatoka. Dada Wati anaweka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, tabia aliyojilazimisha kuwa nayo kwa sababu boksi kama hili linaweza kuficha umeme hata likiwa halijachomekwa, na mkono mmoja hauupi njia ya kupita kifuani. Anainama. Koili za shaba zimejaa. Mapezi ya kupoza joto yanakaribia kugusana. Kapasita, ile mikebe midogo ya kuhifadhi umeme, ni minene na maandishi yake yanasomeka. Hakuna karatasi nyeusi. Anachungulia kila pembe, anamwomba mumewe asogeze tochi, anachungulia tena.

"Mzima huyu," anasema hatimaye, na mabega yake yanashuka.

Saa saba mchana kompyuta inatolewa jasho upya. Hakuna kula mpaka saa tisa, na chakula chenyewe kinaliwa kwa jicho moja. Kadi zinaruka zinavyotaka. Feni zinapanda sauti, zinashuka, zinapanda. Mara mbili fundi cherehani anachungulia kuona kama bado iko hai, na mara ya pili anabaki, akisahau suruali ya mtu aliyoiacha bila mguu mmoja.

Anapoulizwa kuhusu mipango yake, Dada Wati anasema anataka kuweka meza ya pili mahususi kwa kupima pawa saplai za mafundi wenzake, ili asiwepo mwingine wa kubeba mizani dukani na kurudi na zege. Amekwishamwomba mumewe amchomelee fremu.

Shemeji anatokea saa kumi kasoro. Ni mwembamba, ana wino kwenye kidole. Anasalimia kwa ile heshima yake, anaizunguka meza, halafu anasimama penye ubavu ulio wazi. Ameiona stika iliyochanika.

"Hii imefunguliwa," anasema.

"Nimeifungua mimi," Dada Wati anamjibu. "Nilitaka nione kilichomo."

"Si ina garantii?"

"Ilikuwa nayo. Sasa garantii yako ni mimi. Ikifa, nanunua nyingine kwa hela yangu, nakuja kuifunga chumbani kwako, na silali mpaka iwake."

Shemeji anainama ubavuni mwa kompyuta. Anasikiliza feni. Dada Wati anatoa kwenye mfuko wa aproni diski ndogo ya nje na kumwekea mkononi, akimwambia kazi ya kila siku iingie humu na hii ilale nyumba nyingine, hata kwa mama. Shemeji anaipokea kwa mikono miwili.

"Ikizima hii, shemeji," anasema, "nahamia kwenu na godoro langu, na mimi nakula sana."

Kaka yake, mume wa Dada Wati, aliyebaki hapo tangu adhuhuri, ndiye wa kwanza kuangua kicheko. Dada Wati anageukia ukutani, anajifanya kutafuta skurubu, na anayemtazama kwa nyuma anaona mabega yanatikisika.

Ndugu wawili wanaishusha kompyuta ngazini, mmoja mbele mmoja nyuma, wakibishana nani anabeba vibaya. Chumba kinabaki na joto lake. Dada Wati anapangusa meza, anapangusa macho kwa kitambaa kile kile, anacheka kwa kujipaka vumbi.

Meza ya pili itakuja, anasema, lakini kuna kitu anakitaka kabla yake. Anataka siku katuni itakapokamilika akae chini aitazame yote.

"Ile ya kwanza alinionyesha kwenye kompyuta yake, nikaangalia nusu," anasema. "Nilikuwa na kazi za watu. Nikamwambia shemeji, nitamalizia kesho."