Kofia ya Marehemu na Rasta za Hamisi

Nikisikia mkasi ukilia, mwanangu, nakumbuka siku moja ya gulio kule kwetu mlimani Kinole, na moyo unanichemka kama mambo yale yametokea jana. Wanaosema Bibi Zena kazeeka mwili lakini ulimi bado kigori, wanasema kweli. Kaa nikueleze.

Kaka yangu Saidi alikuwa kijana wa kujipenda. Alipata kibarua mjini Morogoro, na ujira wake wa kwanza hakununulia jembe wala godoro. Alishonesha bugaluu, suruali pana chini hadi inafagia njia, akanunua na raizoni, viatu vyenye soli nene kama tofali. Nywele alizifuga zikasimama duara, kitana kimechomekwa humo humo. Sasa mlima wetu haupandwi kwa raizoni. Saidi alikuwa akiupanda peku, viatu mkononi, suruali kaikunja magotini. Akikaribia nyumba ya kwanza anakaa juu ya jiwe, ananawa miguu, anavaa, kisha anaingia kijijini kama bwana harusi. Mimi mdogo wake ndiye niliyekuwa namngoja pale na kopo la maji. Wallahi, nilimwona mzuri kuliko watu wote duniani.

Wazee walimwita mhuni. Hakuiba, hakumtusi mtu, shikamoo yake ilitangulia kuliko ya wote, lakini mhuni ni mhuni. Siku hiyo ya gulio vijana waliopewa kazi ya kulinda maadili walimkamata kati ya mikungu ya ndizi na mafungu ya mananasi. Waliichana ile suruali mpaka magotini. Wakampitishia mkasi kichwani, njia moja tu, kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, wakamwacha hivyo ili achekwe. Akachekwa.

Mjomba wetu, mzee wa ukoo, alikuwa amesimama pale pale na bakora yake. Nawe ujue, sisi Waluguru ukoo ni wa mama, na mjomba ndiye ngao ya mtoto. Saidi alimlilia, "Mjomba! Mjomba, waambie waniache!"

Mjomba akajibu, "Umejitakia."

Ndilo neno lililomhamisha kaka yangu. Hakuhamishwa na mkasi. Kabla ya gulio lingine alikwisha kwenda Dar es Salaam, na miaka mingi hakukanyaga mlima. Mama kila siku ya gulio alikuwa akiniuliza, "Hajaja?" Akafa anauliza. Saidi alirudi baadaye sana, kichwa kimekuwa upara, bakora mkononi, na wallahi ukimtazama kwa mbali ungesema ni mjomba kafufuka.

Sasa njoo huku kwenye zama zenu. Mwaka huu kaka yetu mkubwa, Kibwana, ametangulia mbele ya haki. Kwetu jina la mjomba haliachwi lilale. Mtoto wa dada, au mjukuu wa dada, huvishwa kofia ya marehemu mbele ya ukoo, na tangu hapo jina ni lake, na shamba analiangalia yeye. Kibwana kabla ya kufa alimtaja mjukuu wangu Hamisi, mtoto wa binti yangu. Hamisi anakaa Mafiga, kule mjini Morogoro, na wenzake, anachora mabango ya maduka. Ana rasta hadi mabegani, nchani kazitia rangi ya kutu. Ana hereni sikioni, suruali imeishia juu ya kifundo cha mguu na magotini imechanika, na koti la mtumba ambalo babu yake asingekubali kuvikwa hata akiwa na homa. Lakini Kibwana alipolala kitandani, ni nani aliyepanda mlima kila wiki kumenya mdalasini wake na kumpeleka msalani? Hao wenye nywele fupi walikuwa na udhuru.

Siku ya arobaini tulikusanyika nyumbani kwa marehemu. Baada ya dua Saidi, ambaye sasa ndiye mkubwa wetu, akaitoa ile kofia ya viua. Kando yake akaweka bakuli la maji na wembe mpya.

"Kofia haikai juu ya kichaka," alisema. "Anyoe, au tumpe mwingine."

Wazee wakaitikia. Mmoja akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwingine akayanyooshea kidole yale magoti ya suruali. "Mimi nilivaa viraka kwa dhiki," alisema. "Huyu ananunua matundu! Anatucheka huyu."

Hamisi alipiga goti. "Shikamooni wazee. Babu, sikucheki, haki ya Mungu. Hizi nguo nazipenda tu. Na babu Kibwana aliniona na rasta hizi hizi, akanitaja hivi hivi. Mkinambia nikalime, nakwenda sasa hivi. Kunyoa, hapana. Kama jina linataka upara, mpeni mwenye upara."

Lo! Baraza lilichafuka. Na mimi nilimwona mjukuu wangu anageuza macho kuelekea njia ya kushuka mlima. Macho yale nayajua. Niliwahi kuyaona kwenye uso mwingine, siku ya gulio.

Nikasimama. Wakaniambia, "Keti, Zena."

"Siketi!" nikasema. "Nimeketi miaka yangu yote, leo siketi. Saidi, nani alikuwa anakungoja kwenye jiwe na kopo la maji?"

Saidi akainamia bakora yake.

"Nakuuliza, kaka yangu. Nani aliita mjomba, mjomba, na mjomba akamwambia amejitakia? Mama amekufa anakuulizia wewe. Unataka na mimi nife namuulizia huyu? Basi mnyoe. Lakini wembe anza kunipitishia mimi, maana akishuka mlima huu leo, mtakuwa mmekata mkono wangu, si nywele zake."

Saidi aliutazama ule wembe. Akauchukua, nami roho ikaniruka. Kumbe anautia mfukoni. Akajisogeza hadi alipopiga goti Hamisi, akavua kitambaa chake cha shingoni, na kwa vidole vyake mwenyewe akaanza kuzikusanya zile rasta, moja moja, akazifunga nyuma. Akamvika kofia. Ilikaa upande, mwanangu, lakini ilikaa.

"Zangu hazikufika urefu huu," akasema taratibu. "Hawakunipa nafasi." Akafuta uso kwa kanzu, na wazee wengine wakajifanya wanatafuta viatu.

Nimekusimulia haya kwa kuwa unaniuliza kwa nini wazee tunafoka tukiwaona na nywele zenu, na muziki wenu, na suruali za matundu. Utasikia ni dini, utasikia ni mila. Yamo. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyu alichaniwa ujana wake sokoni, akaambiwa ndiyo adabu, sasa akikuona unatembea mzima mzima anauma meno. Yule alivaa tundu kwa umaskini, akikuona umelinunua anadhani umemfanyia dhihaka. Na wote, mimi nikiwemo, tunaogopa kitu kimoja, kwamba mtashuka mlima na hamtarudi. Basi kwa kuogopa msiondoke, tunawafukuza wenyewe. Wazee wenzangu wakichukia kusikia hayo, wachukie. Mkuu naye asiposikia la mdogo huvunjika guu.

Nawe usidhani nimekupa ruhusa ya ujeuri. Mzee akifoka, mpe shikamoo yake kamili, kisha muulize yeye ujanani alivaa nini. Wengi watacheka kabla hawajajibu. Yule mwenye viraka mketie karibu, akueleze dhiki ile, ndipo uvae matundu yako ukijua unachokivaa. Mgonjwa akikuhitaji, panda mlima. Ukiyafanya hayo, nywele zako ni zako. Usizinyoe kwa kuogopa vicheko, wala usikubali mtu akakuondolea ukoo wako kwa sababu ya kichwa chako. Wakikufukuza, kaa. Wakikuambia umejitakia, waambie ndiyo, nimejitakia, na hapa ni kwetu.

Nenda, mwanangu. Mungu akukuze mpaka nywele hizo ziwe nyeupe kichwani pako, na wajukuu zako watakapokuja na vituko ambavyo mimi siwezi hata kuviota, akupe mkono wa kuwafunga kitambaa.