Safari ya Kutokwenda kwa Mtu

Mume wangu alikuwa mtu wa reli pale Itigi. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia treni zinapopishana, na kila alipopata livu ya kupumzika, serikali ya Mwingereza ilimpa pasi ya kusafiri bure, yeye na mkewe. Miaka yote tuliitumia pasi ile kama watu wenye akili timamu: kwenda msibani, kwenda kuuguza, kwenda kwenye harusi ya mdogo wake kule Tabora. Mwaka ule akarudi kutoka kazini na jambo lingine kabisa. Dereva mmoja wa treni alikuwa amemwambia kwamba pasi yetu inafika hadi kwenye meli ya ziwani, na kwamba Wazungu hupanda meli Mwanza, wakalizunguka ziwa zima, Bukoba, Uganda, Kisumu, kisha wakashuka palepale Mwanza walipopandia.

"Wanafuata nini huko?" nikamuuliza.

"Hawafuati kitu. Wanakula, wanalala, wanaangalia maji."

"Halafu?"

"Halafu wanarudi kwao. Na mimi nataka tukafanye hivyo hivyo, mimi na wewe."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini wazimu huambukiza jamani, maana kabla chakula hakijaiva nilikuwa nimeshaanza kumuuliza kama melini watu wanaoga, na wakioga maji machafu yanakwenda wapi. Tulikuwa wawili tu katika nyumba ile ya reli. Mtoto hatukujaliwa, na tulikuwa tumeoana siku nyingi. Jioni zetu zilikuwa ndefu. Sasa tukapata cha kuzungumza.

Mimi maji mengi niliyowahi kuyaona ni yale ya ziwa la Singida, nayo yana magadi, ng'ombe mwenyewe anayasusa. Basi nikawa mwanafunzi. Jirani mmoja aliyewahi kuvuka kwenda Bukoba akaniambia kwamba meli inatapisha, niweke ndimu za kulamba. Nikanunua ndimu. Akasema upepo wa ziwani unafunua nguo, nishone gauni zito chini. Nikampelekea fundi kitambaa, nikamwambia ashone pindo nene, akaniuliza kama nakwenda kulimia. Mume wangu naye alikuwa ananyoa ndevu kila asubuhi, eti anazoea. Tukabishana hata tutasimama upande gani wa meli. Nakwambia, sijawahi kufurahi hivyo tangu niolewe.

Kilichobaki ni kuaga. Huwezi kuvuka maji bila kumuaga mzazi. Ukipatwa na jambo huko nani atakulilia? Tukapanda lori mpaka Singida mjini, kisha tukatembea hadi kwetu, upande wa Ilongero, ambako mama yangu aliishi peke yake tangu baba afariki, nyumba yake ikipakana na ya shangazi yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, mkwe wangu."

Mume wangu akajibu huku ameinamisha uso, akaenda kukaa mbali, karibu na zizi. Kwetu mwanamume hakai na mama mkwe wakapiga soga. Anasalimia, anapokea chakula, ananyamaza. Na mambo ya uzazi ndiyo kabisa, hayatamki mbele yake hata kwa kiboko. Nayasema haya kwa sababu ndiyo yaliyotufunga.

Nikamweleza mama kwamba tunakwenda Mwanza, tupande meli.

"Mnakwenda kwa nani?"

"Hatuendi kwa mtu, mama."

"Kuna msiba?"

"Hapana."

"Mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa."

Akanitazama usoni, kisha akashuka na macho mpaka tumboni kwangu, akakaa hapo kidogo. Nikajua. Wallahi nilijua wakati uleule. Akanishika mkono, akasema kwa Kinyaturu chetu, taratibu, kwamba nisiendelee, ameelewa, mambo kama hayo hayatangazwi. Tena akasema amesikia siku nyingi kwamba waganga wa ng'ambo ya ziwa ni hodari.

Ningesema palepale. Lakini niseme nini? Kwamba mwanamke asiye na mtoto, aliyeolewa kwa ng'ombe wa watu, ameshona gauni la pindo nene aende kuangalia maji? Nikainama. Mama akadhani naona haya kwa sababu ya tumbo, akanipapasa mgongo.

Mambo hayo hayatangazwi! Asubuhi uwanja wote umejaa. Shangazi yangu, ambaye hakuumbiwa kunong'ona, amekuja na asali ya kumpelekea mganga. Mwingine kaleta unga wa uwele, mwingine jogoo mweusi, maana waganga wanapenda weusi. Wanaingia mmoja mmoja, wananisalimia, wananiangalia tumbo, wananiombea. Mmoja akaniuliza kwa sauti kama siku zangu zinakwenda sawasawa. Mbele ya mume wangu! Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimezoea kupita mbele yao nikijifanya sina tatizo, nao wakijifanya hawalioni. Sasa tatizo lenyewe limewekwa katikati ya uwanja, kila mtu analigusa.

"Mwanangu," shangazi akasema, "safari hii ukirudi, nitakuja mwenyewe Itigi kukubebea mtoto."

Nikamfuata mume wangu kule zizini. Alikuwa amekasirika, mishipa ya shingo imesimama.

"Waambie," akasema. "Kuku wa watu tutampeleka wapi?"

"Waambie wewe basi."

"Nikaseme mbele ya mama mkwe? Una wazimu?"

"Mimi ndiye mwenye wazimu? Nani alileta habari za meli?"

Tulipanga tuondoke siku ya pili yake, na mpaka hapo nilikuwa nimeshajipa moyo kwamba tutabeba vitu vya watu, tutavigawa njiani, na yatapita. Nilipoingia ndani kufunga mizigo nikamkuta mama amevaa kitenge chake kizuri, amekaa kwenye kigoda, na furushi liko miguuni.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nakwenda na ninyi. Mtoto wa kike hapelekwi kwa mganga na mume peke yake. Mganga ataulizia ulivyoumwa utotoni, ulivyovunja ungo, mkwe wangu atamjibu nini?" Alikuwa na furaha, mama yangu. Akaniambia ameshamwomba shangazi amwangalizie mbuzi. "Kama nauli hakuna, nitauza mmoja."

Hapo ulimi ukafunguka, maana singeweza kumwacha auze mbuzi. Nikafunga mlango, nikapiga magoti, nikamwambia. Hakuna mganga, mama. Hatuendi popote. Tunapanda meli tu, inazunguka, inaturudisha. Tunakwenda kuangalia maji, na gauni la safari nimeshona.

Nje nilisikia shangazi anacheka. Nilingoja anitukane, na laiti angenitukana.

"Kwa hiyo mmeacha kutafuta," akasema.

"Nani kasema, mama?"

"Mtu anayetafuta mtoto, mume akipata livu na pasi ya bure, anapita kwa waganga, anapita hospitali za misheni. Hashoni gauni." Akanitazama. "Mmeshaacha. Hamkuniambia tu."

Nilifungua mdomo nimkatalie. Ilikuwa kweli, na mimi mwenyewe sikuwa nimejiambia bado. Ndiyo maana tulikuwa tunacheka sana kule Itigi. Niliona aibu ambayo sikuijua kabla ya siku ile, aibu ya kufurahi. Yeye huku alikuwa bado anasubiri, kila akisikia lori anadhani ni habari yangu, na mimi nilikuwa nimeshatoka zamani kwenye kusubiri huko nikamwacha peke yake.

"Nisamehe mama. Tutaiacha hiyo safari. Tutarudi Itigi."

"Mrudi mseme nini?" Akaanza kulifungua furushi lake, akitoa nguo moja moja na kuzirudisha kwenye sanduku. "Wakijua mmeacha, watakuonea huruma wewe, na maneno yatafika kwa ndugu za mumeo, wamtafutie mke mwingine. Nendeni. Chukueni asali, chukueni na huyo jogoo. Mimi nitawaambia mganga ni mkali, hataki watu wengi."

"Utawadanganya, mama?"

"Futa machozi, wasikuone."

Alivua kitenge, akavaa cha kazi, akatoka kwenda kutwanga kama siku zote.

Kesho yake walitusindikiza wote mpaka barabarani. Mume wangu alibeba jogoo kichwa chini miguu juu, hamwangalii mtu. Lori lilipofika, shangazi alinishika tumbo kwa mikono miwili, akaniombea kwa sauti kubwa, na wanawake wakaitikia. Lori likaondoka, vigelegele vikapigwa nyuma yetu. Nikageuka kumtafuta mama. Alikuwa amesimama katikati yao, na alipoona namwangalia, naye akapiga kigelegele.