Mashine Iliyosikiliza Maini Yangu

Daktari wa kwanza alinipiga picha, akaona kitu kama maharagwe kwa maini yangu, akasema hajui kama ni kansa. Mimi nikajihesabu maiti. Nikaanza kugawa vitu vyangu, na jogoo nikapea bibi ya kijana yangu.

Wiki iliyofuata msichana yangu akanipeleka hapa Eldoret kwa daktari mwingine, mtoto mdogo kama mjukuu. Akanipaka ile mafuta baridi kwa mbavu.

"Shosho, vuta pumzi, shikilia. Hii mashine haileti picha peke yake. Inatuma sauti kwa maini, halafu inapima vile sauti inarudi. Kitu mbaya na kitu nzuri hazirudishi sauti sawa."

"Kumbe ni kama mahindi! Mimi nikitikisa kwa mkebe, nasikia tu kama imekauka."

"Ni hivyo hivyo, shosho. Lakini hii inanipea namba."

Akaangalia hizo namba mpaka nikamaliza maombi yote najua. Halafu akacheka. "Zinakubaliana na ile picha yako ya kwanza. Ni mishipa ya damu imejikunja tu. Si kansa."

Nikamkumbatia na mafuta yote kwa tumbo!

Tukapitia kwa kijana yangu. Nikauliza bibi yake hata sijakaa, "Jogoo yangu iko wapi? Mwenyewe amerudi."

Akaangalia sufuria. "Mama, tulipopigiwa simu uko sawa, tulichinja kushukuru."

Ile firigisi huwa ni ya wazee wanaume peke yao, siku hiyo walinipea mimi.