Kisigino cha Mchora Uwanja

Hapa Palma, uwanja wa ngoma hauchorwi mpaka aje mzee mchora uwanja na kisigino chake. Humkalisha mwimbaji, Bi Chamima, katikati ya mchanga, akamwomba aimbe kwa sauti yake ya jikoni, kisha yeye hurudi kinyumenyume, kichwa upande, midomo ikifuatisha maneno. Sauti ikianza kumpotea, husogea mbele hatua moja na kukandamiza kisigino: hapo atasimama mtazamaji wa mwisho. Huzunguka hivyo pande zote. Duara lake halijawahi kuwa la mviringo kamili, maana upande wa bahari upepo huila sauti mapema.

Mwaka ule kampuni ya gesi ilipotaka ngoma ya kukaribisha wageni, mhandisi wake, Engenheiro Délcio, alimletea Bi Chamima kipaza sauti. "Kwa hiki, mzee, kazi yako imekwisha," alimwambia mchora uwanja.

Mzee alimwomba Bi Chamima aimbe kwenye kipaza sauti. Kisha akaanza kurudi nyuma, Délcio akimfuata, akapita minazi, akapita soko la samaki akiitikia salamu bila kugeuka, hadi mgongo wake ukagonga ua wa kampuni. Akasikiliza.

"Bado namsikia vizuri," alisema. "Huu ua wenu umeingia uwanjani, Engenheiro. Mtausogeza leo au kesho?"